Draivu ya tepu ikigoma: utamjuaje mkosaji

Hapa Mombasa, ofisi ya wakala wa forodha pale Nkrumah Road au Moi Avenue hukusanya makaratasi bila kukoma: hati za shehena, ankara, vibali, nakala za pasipoti za wateja. Siku hizi yote huskaniwa yakaingia kwenye seva, na sheria ya kodi ya Kenya inamtaka mfanyabiashara azihifadhi kumbukumbu zake miaka 5. Ndiyo maana ukifungua kile kijichumba cha nyuma chenye kiyoyozi kinachonguruma, si ajabu ukakuta draivu ya tepu, mashine inayoandika nakala za akiba (bakapu) kwenye utepe wa sumaku, imekaa chini ya seva, na kando yake rafu ya kaseti zenye vibandiko vya msimbopau.

Vijana waliozoea kuweka kila kitu mtandaoni huicheka. Lakini kaseti iliyotolewa kwenye draivu na kufungiwa kabatini haifikiwi na mdukuzi, wala na virusi vinavyofunga mafaili na kudai kikombozi, wala na programu iliyoharibika. Februari 2011 hitilafu ya programu iliwafutia baadhi ya watumiaji wa Gmail barua zao, tena ikapitia nakala zaidi ya moja zilizokuwa kwenye diski. Google walizirudisha kutoka kwenye tepu. Na sisi huku tulionja mwezi Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua. Siku kama hiyo, aliyetegemea nakala za ng'ambo peke yake alikuwa na muda mwingi wa kutazama skrini.

Ila tepu ina tabia moja mbaya: haisemi. Kaseti mbovu na kaseti nzima zinafanana rafuni, na draivu inaweza kuandika usiku baada ya usiku bila mtu kujua kama kilichoandikwa kinasomeka. Kisha siku moja inaonekana ripoti yenye maneno mekundu, na kabla chai ya asubuhi haijapoa hukumu imeshapitishwa: draivu imekufa, tununue nyingine. Draivu ya LTO, aina ya tepu inayotumika sana kwa bakapu, si kitu cha bei ya kununua kwa kubahatisha. Tuichunguze kwanza.

Ujumbe mmoja, washukiwa wanne

Programu ya bakapu iko mwisho wa mnyororo mrefu. Data hutoka kwenye diski, hupita kwenye seva, huingia kwenye kadi ya SAS inayoiunganisha seva na draivu, hufuata kebo hadi kwenye draivu, ndipo hulazwa juu ya tepu. Palipokatika popote, programu huona jambo moja tu: draivu haikujibu ilivyotarajiwa. Basi hutaja draivu, nasi tukaamini.

Washukiwa ni programu yenyewe na mipangilio yake, njia, yaani kadi, kebo na seva, draivu, na kaseti. Mwenye maktaba ya tepu aongeze roboti inayobeba kaseti. Na hapa pwani kuna mwingine ambaye miongozo ya watengenezaji humtaja kwa mistari miwili tu, naye ni hewa. Nitamrudia, maana kwa maoni yangu ndiye anayeponyoka mara nyingi zaidi.

Namna ya kuwatenganisha ni kubadilisha kitu kimoja, ukaacha vingine vyote vilivyo, kisha ukarudia jaribio lile lile. Kaseti moja ikifeli kwenye draivu mbili tofauti, kaseti ndiyo mbovu. Kaseti kadhaa za umri tofauti zikifeli kwenye draivu moja, geukia draivu, kebo au kadi. Badilisha kebo peke yake ujaribu tena. Fundi anayebadilisha kebo, kaseti na programu ya ndani ya draivu kwa mkupuo mmoja anaweza kuondoka mtambo ukiwa unafanya kazi, lakini hakuna aliyejua ulikuwa unaumwa nini, na ukirudia kuumwa mtaanza upya.

Tahadhari moja isipuuzwe. Usichukue kaseti zenye data ya kweli ukawa unaziingiza moja baada ya nyingine kwenye draivu unayoishuku, eti uone ipi itasoma. Draivu iliyoharibika inaweza kuikwaruza tepu au kuikunja ukingo, na kaseti iliyoharibika nayo inaweza kukichafua au kukiumiza kichwa cha draivu nzima. Ugonjwa huenda pande zote mbili. Kwa majaribio tumia kaseti mpya, au ya zamani ambayo unajua hakuna atakayeililia.

Ndani ya kaseti

Bila kuelewa kidogo kinachotokea ndani, majibu ya vipimo hayatakuambia kitu. Tuchukue LTO-6, yaani kizazi cha sita cha LTO, iliyotoka 2012 na ambayo bado iko kazini kwingi. Ndani ya kaseti kuna tepu ya upana wa nusu inchi na urefu wa mita 846. Kichwa chake huandika mistari 16 kwa wakati mmoja. Tepu ikifika mwisho, kichwa husogea kidogo na tepu huanza kurudi, mistari mingine 16 ikaandikwa, na hivyo hivyo hadi mistari 2,176 ijae. Yaani safari 136, nusu za kwenda na nusu za kurudi, ili kaseti ichukue terabaiti 2.5.

Mistari hiyo ni myembamba mno, kwa hiyo kichwa hakiwezi kujiongoza chenyewe. Tangu kiwandani tepu hupigwa alama za kuelekeza kichwa, na draivu huzifuata muda wote inapoandika na kusoma. Haina uwezo wa kuziandika upya. Mtu akiipitisha kaseti ya LTO kwenye mashine ya kufutia kwa sumaku kali, hapati kaseti tupu ya kuanzia upya. Alama zimeondoka na kaseti imekwisha.

Jambo la pili ni kwamba draivu hujikagua. Nyuma ya sehemu ya kuandika kuna sehemu ya kusoma, ambayo husoma papo hapo kilichoandikwa. Kipande kikionekana kibovu, draivu hukiandika tena mbele kidogo bila kumwambia mtu. Kwa hiyo makosa madogo yaliyosahihishwa ni jambo la kawaida, na kila draivu huwa nayo. Kinachotakiwa kukushtua ni yanapoongezeka wiki hadi wiki, au yanapotokea hata moja ambalo halikusahihishika. Dalili nyingine ya marudio hayo ni kaseti kujaa mapema, kwa sababu kila kipande kinachorudiwa hula nafasi.

Hapo kuna mtego. Juu ya kasha la LTO-6 imeandikwa terabaiti 6.25, na watu huja wakilalamika kwamba kaseti imejaa kwenye 2.5. Ile 6.25 ni hesabu ya data inayobanika mara mbili na nusu. Ofisi ambayo mzigo wake wote ni picha na hati zilizoskaniwa, ambazo tayari zimebanwa, itapata 2.5 na kidogo juu yake. Data iliyofichwa kwa msimbo kabla ya kufika kwenye draivu nayo haibaniki. Hapo hakuna ugonjwa, ila mchapishaji wa kasha amejipendelea.

Jambo la tatu: ndani ya kaseti kuna chipu ndogo isiyoguswa, inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Chipu hiyo huweka historia: kaseti imepakiwa mara ngapi, imeandikwa kiasi gani, na ramani ya data ilipo kwenye tepu. Ni shahidi mzuri ambaye wengi hawamwiti.

Anza na vitu vya aibu

Kabla ya amri yoyote, tazama kile kitufe cha kusogeza kilicho pembeni mwa kaseti, cha kuzuia kuandikwa. Kisha tazama kizazi cha kaseti. Draivu za LTO hadi kizazi cha 7 husoma kaseti za vizazi viwili nyuma na kuandika kwenye cha nyuma kimoja. LTO-8 na LTO-9 hurudi kizazi kimoja tu. Ukiiwekea LTO-8 kaseti ya LTO-6, itaitema, na haina kosa lolote.

Draivu za LTO-9, zilizotoka 2021, zina kisa chao. Kaseti mpya ikiingizwa mara ya kwanza, draivu huipima na kuirekebishia vipimo vyake, kazi inayochukua kama dakika 40 na wakati mwingine kufikia saa 2. Nusu ya malalamiko ya «draivu imeganda» yangeisha kwa kungoja. Kuizima katikati ndiko kunakoleta balaa.

Kisha njia. Kwenye Linux, amri ya `lsscsi -g` inakuonyesha kama seva inaiona draivu, na `mt -f /dev/nst0 status` inakuambia kama kuna kaseti ndani na iko wapi. Draivu isipoonekana kabisa, usihangaike na kaseti. Shughulika na kebo, kadi na stima. Kadi ziwe za SAS za kawaida, si zile za RAID, za kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kwani nyingi ya hizo haziielewi tepu, na fundi anaweza kupoteza juma zima akitafuta ubovu usiokuwepo.

Zingatia ile herufi «n». Ukitumia `/dev/st0`, tepu hurudishwa mwanzo kila amri inapomalizika. Ukitumia `/dev/nst0`, hubaki pale ilipofika. Mtu akiandika bakapu mbili mfululizo kupitia `st0`, ya pili huikalia ya kwanza, na ripoti zote mbili zitasema kazi imefanikiwa. Kwenye mtambo wenye draivu mbili kuna jingine: seva ikiwashwa upya, majina `nst0` na `nst1` yanaweza kubadilishana. Roboti inapakia kaseti kwenye draivu ya kushoto, programu inangoja kwenye ya kulia, baada ya dakika kadhaa inachoka na kutangaza hitilafu. Dawa ni kutumia majina yaliyo chini ya `/dev/tape/by-id`, ambayo hufuata namba ya draivu yenyewe.

Kusoma malalamiko ya mtambo

Logi za mfumo, unazozipata kwa `dmesg` au `journalctl`, husema zaidi kuliko ripoti ya bakapu. Ukikuta «Medium Error», elekeza macho kwenye kaseti, ingawa kichwa kichafu nacho huleta neno hilo hilo. «Hardware Error» inaelekeza kwenye draivu. «Data Protect» ni kile kitufe, au kaseti ya kuandikwa mara moja tu. «Unit Attention» huwatisha watu bure: baada ya kubadilisha kaseti au kuwasha mtambo ni salamu ya kawaida. Ila ikitokea saa nane za usiku, ofisi imefungwa, pamoja na maneno ya kwamba kifaa kimeanza upya, hiyo si salamu tena. Kuna kitu kimeizima draivu au kimeikata njia, na mtu wa kuulizwa ni kebo au stima.

Draivu zenyewe hutunza bendera 64 za tahadhari zinazoitwa TapeAlert. Bendera ya 3 ni kosa lisilosahihishika, ya 4 ni ubovu wa kaseti, ya 7 ni kaseti iliyochoka kwa umri, ya 20 ni draivu inayotaka kusafishwa sasa hivi, ya 22 ni kaseti ya kusafishia iliyokwisha. Unazisoma kwa `sg_logs -p 0x2e` ukitaja kifaa, lakini ujue kwamba bendera hushushwa pindi zinaposomwa. Programu ya bakapu ikiwa imekutangulia, utakuta ukurasa safi na kudhani hakuna tatizo. Tafuta kwenye logi za programu hiyo kwanza. Kurasa za `0x02` na `0x03` ndizo zenye hesabu ya makosa ya kuandika na ya kusoma. Zichukue kila wiki uziweke kwenye faili, kwa sababu namba moja peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na ya wiki iliyopita.

Draivu za IBM zina kidirisha cha herufi moja kwa mbele. C ni ombi la kusafishwa. 1 ni joto. 2 ni umeme. 5 ni draivu yenyewe. 6 ni draivu au kaseti, bado haijulikani. 7 ni kaseti. 8 ni njia ya kuunganisha. Andika herufi hiyo kabla ya kuzima chochote. Kuna tabia ya mtu kuingia, kuona taa ya rangi ya machungwa, na kuzima-washa kwa mazoea. Taa inazimika, ushahidi nao unaondoka.

Jaribio lenyewe

Wengi hupima draivu kwa kuimiminia sifuri kutoka `/dev/zero`. Kasi inayoonekana hupendeza sana, na haina maana, maana draivu hubana sifuri hizo hadi zikawa karibu na hakuna kitu. Tengeneza faili la data isiyobanika kutoka `/dev/urandom`, gigabaiti 20 hivi, uliweke kwenye diski yenye kasi. Chukua alama yake kwa `sha256sum`, msimbo unaobadilika data ikibadilika hata kidogo. Sasa weka kaseti ya majaribio na uandike:

`dd if=jaribio.bin of=/dev/nst0 bs=256k`

Rudisha tepu mwanzo kwa `mt -f /dev/nst0 rewind`, kisha usome ulichoandika:

`dd if=/dev/nst0 bs=256k | sha256sum`

Alama mbili zikilingana herufi kwa herufi, njia yote kuanzia diski hadi tepu na kurudi ni nzima kwa kiasi ulichopima. Zisipolingana na hakuna ujumbe wa kosa, usiishutumu tepu haraka. Kumbukumbu mbovu ya RAM kwenye seva inaweza kufanya hivyo hivyo. Ukisoma kwa vipande vidogo kuliko ulivyoandika, Linux itakujibu kwamba haiwezi kutenga kumbukumbu. Jibu hilo la ajabu limewafanya watu kununua RAM, ilhali kinachotakiwa ni kuongeza ile namba ya `bs`.

Gigabaiti 20 zinapima kiasi gani? Kwenye LTO-6 safari moja ya tepu hubeba kama gigabaiti 18. Kwa hiyo umepima safari moja na chembe kati ya 136. Inatosha kukuambia kama njia iko wazi. Haitoshi kuisafisha jina kaseti. Kujua hali ya kaseti yote, ijaze mpaka mwisho na uisome yote. Kwa megabaiti 160 kwa sekunde, kuijaza ni saa 4 na dakika 20 hivi, na kuisoma ni kiasi hicho tena. Ni kazi ya kuiwasha Jumamosi asubuhi. IBM na HPE wana programu zao za uchunguzi, ITDT na Library & Tape Tools, zinazofanya majaribio haya na kutoa ripoti ambayo muuzaji ataikubali ukidai dhamana. Watumiaji wa programu ya bakapu ya Bacula wana `btape`. Majaribio ya kuandika ya zana zote hizi hufuta kaseti iliyomo. Soma kibandiko mara mbili.

Inaandika, lakini kwa kujikokota

Huenda hakuna kosa lolote, ila kazi iliyokuwa ikiisha alfajiri sasa inafika adhuhuri. Tepu haipendi kusubiri. Data ikichelewa kufika, draivu hulazimika kusimama, na kwa kuwa tepu ilikuwa mbioni, husimama mbele ya pale ilipoandika mwisho. Inabidi irudi nyuma, ijipange, ikimbie tena. Ni matatu iliyopitiliza steji halafu inarudi kinyumenyume kumfuata abiria mmoja. Ikifanya hivyo usiku kucha, kasi huporomoka, na tepu na kichwa husuguana zaidi ya inavyotakiwa. Ukiweka sikio karibu utasikia: badala ya mvumo mmoja mrefu, kuna kuvuma na kunyamaza, kuvuma na kunyamaza.

Draivu za kisasa hujipunguza mwendo ili zilingane na data inayokuja, lakini kuna kiwango ambacho haziwezi kushuka chini yake. Mtandao wa gigabiti moja, kwa raha zake zote, huleta kama megabaiti 110 kwa sekunde. Faili ndogo ndogo laki kadhaa zinazovutwa kutoka kompyuta za wafanyakazi huenda zisifike hata 20. Pima chanzo kabla ya kupima draivu: soma faili hizo kwa `tar` na uzitupe `/dev/null`, uone kasi. Ikiwa chanzo ndicho chovivu, draivu mpya yenye kasi zaidi itaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Suluhisho ni kukusanya data kwanza kwenye diski ya seva yenyewe, ndipo uimwage kwenye tepu kwa mkupuo.

Kaseti ya kusafishia si dawa ya kila homa

Draivu za LTO zina brashi ndogo ndani ya kusafisha kichwa. Kaseti ya kusafishia ni ya kutumiwa draivu inapoomba, au baada ya makosa kuongezeka kwa namna inayoonekana. Kitambaa chake hukwaruza kwa makusudi. Kukitumia kila wiki «kwa usalama» kunakila kichwa. Kaseti moja hutumika kama mara 50, kisha hutemwa au haifanyi chochote, na draivu inaendelea kuomba. Ukiisafisha na ikaomba tena baada ya saa chache, acha kusafisha. Ama kuna kaseti inayomwaga unga wake na kukichafua kichwa upya kila inapoingizwa, ama kichwa kimekwisha. Tazama ni kaseti ipi ilikuwa ndani kabla ya kila ombi.

Hewa ya Mombasa

Kwa hifadhi ya muda mrefu, kaseti za LTO zinataka nyuzi 16 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Mtu yeyote aliyewahi kuacha pakiti ya biskuti wazi huku kisiwani anajua tunaishi wapi. Unyevu wetu hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini huja na chumvi yake, ambayo huanza na viunganishi vya kebo. Kebo ya SAS inayofanya kazi ukiigusa na kugoma ukiiacha, ichomoe uitazame meno kabla ya kuilaani draivu.

Tatizo kubwa zaidi ni saa za kiyoyozi. Ofisi hufungwa Ijumaa jioni, mtu mwenye nia njema ya kupunguza bili anazima kila kitu isipokuwa seva, na bakapu kubwa ya wiki inaanza saa nne usiku. Joto linapanda, unyevu unaingia, tepu inatanuka kidogo. Mistari ikiwa myembamba kiasi kile, kutanuka kidogo ni kitu. Tepu yenye unyevu pia hushikana zaidi na kichwa na kuacha uchafu. Jumatatu asubuhi kiyoyozi kinawashwa, fundi anafika saa tano, anapima, kila kitu kizima. Makosa yanayotokea mwisho wa wiki tu, na ambayo hayajirudii mchana, yachunguzwe kwa kipimajoto na kipimaunyevu chenye kumbukumbu, kitu cha bei nafuu, kikiachwa ndani ya chumba siku saba.

Halafu kuna umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Kaseti iliyotoka chumba cha nyuzi 19 ikabebwa moja kwa moja hadi nje, kwenye foleni ya feri ya Likoni, itatoka jasho kama chupa ya soda baridi. Itie kwenye kisanduku kinachofunga vizuri kabla ya kuitoa chumbani, na ifikapo iendako iache ndani ya kisanduku hicho mpaka ipate joto la mahali. Kabla ya kuiingiza kwenye draivu ya chumba kingine, ipe siku nzima izoee hewa ya pale. Wenye ofisi za bara wana bahati: nakala ya pili ikikaa Voi, unyevu ni mdogo na mafuriko ya kisiwani hayaifikii.

Stima nayo. Ukiwa na UPS, hakikisha draivu imechomekwa humo pamoja na seva. Mara nyingi seva inalindwa, draivu iko ukutani. Umeme ukikatika tepu ikiwa mbioni, ramani iliyo kwenye chipu ya kaseti hubaki ya zamani. Data iliyokwisha andikwa kwa kawaida ipo, lakini draivu italalamika kwa bendera ya 18 na kutafuta faili kutakuwa kwa kujikokota mpaka kaseti isomwe yote. Wengi huiona hali hiyo wakadhani kaseti imeungua, wakaitupa pamoja na bakapu nzima ya mwezi.

Kusoma kwenye draivu nyingine

Majaribio yote hapo juu yana upungufu mmoja: draivu iliyoandika ndiyo iliyosoma. Ikiwa draivu hiyo ina kilema chake, inaweza kukisoma kilema chake vizuri tu. Siku itakapokufa kweli, kaseti zako zote zitakwenda kwenye draivu ngeni, na hapo ndipo utakapojua. Kwa hiyo chukua kaseti moja kila robo ya mwaka uisome kwingine: tawi jingine, au kwa muuzaji anayekubali kukukodisha draivu kwa saa kadhaa. Na kusoma si kuona orodha ya majina ya mafaili. Rudisha mafaili halisi kwenye kompyuta isiyokuwa na uhusiano na seva ya kwanza, umpe mhasibu ayafungue. Yeye ataona kwamba daftari la Machi halina karatasi ya pili. Wewe utaona tu kwamba faili limefunguka.

Jaribio hili hufichua pia mambo yasiyo ya draivu hata kidogo. Tangu LTO-4 draivu zinaweza kuficha data kwa msimbo wa AES wa biti 256. Ufunguo ukiwa umehifadhiwa kwenye seva ile ile iliyoungua, kaseti zako ni plastiki. Orodha ya programu ya bakapu, inayosema faili lipi liko kaseti ipi, nayo ikiwa haipo nje ya seva, itabidi kaseti zisomwe moja moja kuijenga upya. Na kuna arifa zenyewe. Januari 2017 GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu msimbo wao, walipopoteza data ya saa kadhaa, waligundua kwamba bakapu zao za hifadhidata zilikuwa zikifeli kimya kimya, kwa sababu barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Felisha bakapu moja kwa makusudi, uone kama kuna simu itakayolia.

Draivu ikithibitika kuwa ndiyo mbovu, yaani kaseti mpya mbili zimefeli, kebo imebadilishwa, hewa imepimwa na kusafisha hakukusaidia, toa logi zake kwa ITDT au zana ya mtengenezaji kabla ya kuifungua, umpelekee muuzaji. Ukinunua nyingine, piga hesabu ya vizazi kwanza. Mwenye kabati la LTO-6 akishawishiwa kununua LTO-9 kwa sababu ni mpya, hataweza kusoma kaseti hata moja ya zamani, na mamlaka ya kodi yanaweza kuuliza hati za miaka minne nyuma. LTO-7 inazisoma LTO-6 na kuziandikia. LTO-8 ukiitaka, ihamishe data yote kwanza wakati draivu ya zamani ingali hai.

Kaseti zilizokataliwa zisiende jalalani zikiwa nzima. Zina pasipoti na ankara za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha wewe uliyezikusanya. Zipitishwe kwenye sumaku ya kufutia, kisha tepu ikatwekatwe, na namba za misimbopau zifutwe kwenye programu ya bakapu siku hiyo hiyo, isije ikawa inaomba kaseti ambayo haipo.